Maji ya Rejeta: Kuyamwaga na Kuyabadili Mwenyewe Nyumbani



Leo siwaletei habari za mbegu, wala mbolea, wala viwavijeshi. Ninataka tuzungumze juu ya maji ya rejeta ya lori. Najua yuko atakayesema, "Huyu Bwana Shamba naye ameacha jembe, amekuwa makanika." Ndugu yangu, mahindi yako hayaendi sokoni kwa miguu yake. Nyanya ndiyo kabisa: ikilala njiani siku mbili katika jua, inayobaki ni ya kumwagwa. Mkulima aliyepanda kwa wakati, akapalilia, akanyunyiza dawa na kuvuna kwa wakati, anaweza kupoteza jasho lake lote kwa sababu ya mfuniko wa rejeta uliolegea, au maji machafu yaliyokaa ndani ya injini miaka minne bila kuguswa.

Katika karakana ya chuo chetu wakulima hutuletea matrekta, malori na injini za kumwagilia. Zile zinazokuja zikiwa zimevutwa kwa kamba, nyingi zimeungua gasketi au zimepinda silinda hedi, na ukiuliza habari zake utajibiwa neno lile lile: "Ilichemsha." Nikimwuliza mwenye gari, "Maji ya rejeta ulibadili lini?" hunitazama kama mtu niliyemwuliza ni lini alibadili hewa ya chumbani mwake.

Mzee mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mahindi, alinijibu hivi: "Bwana Shamba, rejeta ni birika. Maji yakipungua unaongeza, basi."

Nikamwambia, "Mzee wangu, umesema vizuri sana. Sasa ukirudi nyumbani, omba birika la chai ulitazame ndani."

Alicheka, maana alikwishajua nina maana gani. Birika lililochemshia maji ya kisima miaka miwili lina ukoko mweupe ndani, mgumu kama simenti. Ukoko huo ni chokaa na chumvi nyingine zilizokuwa ndani ya maji. Maji yakipata moto, chumvi hizo huganda na kushika chuma. Wale wa Dodoma na Singida wanaonywa maji ya chumvichumvi ya visima virefu wananielewa bila maelezo mengi. Sasa tazama: njia za maji ndani ya rejeta ni nyembamba sana, nyingine unene wake haufiki ukubwa wa punje ya maharage. Ukoko ukijijenga humo, njia huziba moja baada ya moja. Na ndani ya injini ukoko huzunguka silinda kama blanketi, joto likashindwa kutoka.

Na hilo joto si dogo. Dizeli inapoungua ndani ya injini, kadiri ya theluthi moja tu ya nguvu yake ndiyo inayosukuma gari. Sehemu kubwa nyingine hutoka na moshi, na nyingine hubebwa na maji kupelekwa kwenye rejeta ili upepo uipoze. Maji yakishindwa kazi yake dakika chache tu mlimani, hedi inapinda.

Kuna jambo la pili, nalo ni kutu. Maji matupu, chuma, hewa kidogo na joto: mpishi wa kutu hahitaji kingine. Na katika injini nyingi za dizeli kuna la tatu ambalo watu hawalijui. Kila dizeli inapolipuka ndani ya silinda, ukuta wa silinda ile, yaani laina, hutetemeka. Kwa mtetemo huo vipovu vidogo sana hutokea kwenye maji upande wa nje wa laina, na vikipasuka hupiga chuma kama nyundo ndogo. Mamilioni ya nyundo hizo hula chuma, vikaonekana vitundu kama vya bungua kwenye mahindi. Mwisho laina inatoboka na maji yanaingia kwenye oili. Maji matupu hayana kinga dhidi ya jambo hili.

Ndiyo maana ikatengenezwa dawa ya rejeta, ambayo madukani huitwa kulanti. Nyingi zimetengenezwa kwa kitu kiitwacho ethilini glaikoli, kikachanganywa na dawa za kuzuia kutu na kulinda laina. Kule Ulaya na Amerika ya Kaskazini watu huitumia hasa ili maji yasigande kwa baridi na kupasua injini. Wenzetu wa Makete na uwanda wa Kitulo, ambako sakitu huanguka mwezi wa Juni na Julai, nao wanahitaji kinga hiyo. Lakini hata wewe wa Kilosa au Handeni usiyeijua sakitu unaihitaji kulanti, kwa sababu ya kutu na laina, na kwa sababu maji yaliyochanganywa nayo nusu kwa nusu huchelewa kuchemka.

Sasa niseme kidogo juu ya kuchemka, maana hapa ndipo watu wanapoungua. Pwani, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo yanavyochemka mapema. Iringa mjini, mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Fikiria lori lililojaa mbolea likitoka Ruaha Mbuyuni kupanda mlima Kitonga: mzigo mzito, gia ndogo, upepo hafifu kwenye rejeta, na huko juu maji yanachemka mapema zaidi. Kitu kinachookoa safari hiyo ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko ule si kizibo tu. Ndani yake mna springi inayoyabana maji. Utaona umeandikwa 0.9 au 1.1 au namba nyingine. Hicho ni kipimo cha mgandamizo. Mfuniko wa 0.9 huyafanya maji yasichemke mpaka joto lipande kama nyuzi 20 zaidi.

Kwa hiyo ndani ya rejeta ya gari lililotoka mlimani mna maji yenye nyuzi 105 au 110 ambayo bado hayajachemka, kwa kuwa yamebanwa. Ukifungua mfuniko, mbano unaondoka, na maji yale yote yanataka kuchemka mara moja. Hayamwagiki; yanaruka. Utingo aliyeinama juu yake anapata usoni, kifuani na mikononi. Wengine hufunika mfuniko kwa gunia wakadhani gunia litawalinda. Halilindi kitu. Usifungue mfuniko wa rejeta yenye moto. Hata dereva akiwa na haraka, hata kama mwenye mzigo anapiga kelele, ngojeni.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe.

Wakati mzuri ni asubuhi, kabla ya kuwasha gari, injini imelala usiku kucha. Egesha lori jioni mahali tambarare, palipo mbali na kisima, mbali na birika la kunyweshea ng'ombe, na mbali na mfereji. Tia gia, vuta breki ya mkono, weka mawe au vigingi kwenye magurudumu. Mbuzi, kuku na mbwa wafungwe. Watoto wasiwe karibu; sababu nitaieleza.

Tayarisha karai pana moja au mawili, ndoo iliyoandikwa vipimo vya lita, madumu yenye vifuniko vizuri, spana, bisibisi, tambara na maji safi mengi. Lori dogo la tani tatu au nne huchukua kati ya lita 10 na 20 hivi. Makubwa huchukua zaidi. Kitabu cha gari kina kipimo kamili. Kama gari ulilinunua likiwa limetumika na kitabu chake hakikuja, usijali, nitakuonyesha namna ya kupima.

Kwanza shika mfuniko kwa tambara na kuuzungusha polepole hadi kituo cha kwanza. Sikiliza. Kama hakuna sauti ya "tssss", ukandamize chini na kumalizia. Kama ipo, acha, ngoja. Baadhi ya magari yana mfuniko wa mbano juu ya tangi la pembeni wala si juu ya rejeta. Taratibu ni ile ile. Kama gari lina hita ya kupasha joto kebini, iweke kwenye moto, ili na maji yaliyomo humo yapate njia.

Halafu ingia chini, weka karai, fungua koki iliyo chini ya rejeta. Koki nyingi siku hizi ni za plastiki, na plastiki iliyopikwa miaka kumi huvunjika kama biskuti. Tumia vidole kwanza, usiivamie kwa koleo. Kama koki haipo au imekufa, legeza kibano cha mpira wa chini wa rejeta na kuuvuta taratibu. Hapo maji hutoka kwa kishindo, kaa pembeni. Rejeta ikiisha, tafuta bolti ya kumwagia iliyo ubavuni mwa injini. Wengi hawaifungui hii. Wanamwaga rejeta peke yake na kuacha maji mengi machafu ndani ya injini, kisha wanasema wamebadili. Mwaga pia yaliyo kwenye chupa ya akiba.

Sasa, kabla hujafanya lolote, fanya mambo mawili. Pima kiasi ulichomwaga, lita kwa lita, na ukiandike. Halafu yatazame maji yenyewe, kama bwana mifugo anavyotazama kinyesi cha ng'ombe. Yakiwa na rangi ya kulanti na yanaonyesha mwanga, ni vizuri. Yakiwa mekundu ya matope, hiyo ni kutu, utasafisha zaidi ya mara moja. Yakiwa na mafuta yanayoelea juu, au ukivuta kijiti cha oili ukakuta oili imegeuka kama chai ya maziwa, hapo ndugu yangu kazi ya nyumbani imekwisha. Maji na oili vimekutana, na gari hilo lisiwashwe tena mpaka fundi alifungue. Kuweka kulanti mpya hapo ni kutupa fedha.

Sasa kusafisha. Funga koki na bolti, jaza maji safi, washa injini ingurume bila kukanyaga mafuta. Injini ikiwa baridi, themostati huwa imefungwa. Hiki ni kilango kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 75 na 90. Utajua imefunguka ukikuta mpira wa juu wa rejeta umekuwa wa moto baada ya kuwa vuguvugu. Acha dakika tano au kumi zaidi, zima, kisha ngoja mpaka injini ipoe kabisa. Narudia: ipoe kabisa. Kisha mwaga kama mwanzo. Rudia mpaka maji yatoke meupe. Wengine hutia sabuni ya unga au magadi makali ili kung'oa uchafu. Sabuni hutoa povu, na povu halibebi joto. Magadi makali hula alumini, na rejeta na hedi nyingi za siku hizi ni za alumini. Kama uchafu ni mwingi mno, nunua dawa ya kusafishia rejeta iliyoandikwa kuwa haidhuru alumini, au ipeleke rejeta kwa fundi.

Nimeitaja themostati, basi nimalize habari zake. Mafundi wengi wa barabarani, gari likichemsha, hutoa themostati na kuitupa. "Huku kwetu joto, haina kazi," watakuambia. Si kweli. Injini isiyofikia joto lake hula dizeli zaidi, huchafua oili na kuchakaa mapema. Na katika injini nyingi themostati ina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato. Ukiitoa, maji mengi hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na mlimani gari linachemsha kuliko kwanza! Kama una mashaka nayo, itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji, yapashe moto uone kama inafunguka. Ikikataa, nunua nyingine. Sufuria hiyo usiirudishe jikoni.

Rejeta ikiwa tupu ndio wakati wa kuikagua. Bonyeza mipira yote: yenye nyufa, iliyovimba au iliyolainika kama ndizi mbivu, badili. Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba katikati; ukibonyea kama sentimita moja na kidogo, unatosha katika magari mengi, ukibonyea sana feni na pampu ya maji vinazunguka kivivu. Tazama pete ya mpira ndani ya mfuniko wa rejeta. Ikiwa imekatika, nunua mfuniko wenye namba ile ile. Usinunue wenye namba kubwa zaidi kwa kudhani ndio bora, maana utapasua rejeta au mipira.

Na hapa kuna jambo la malori ya shamba hasa. Lori linaloingia shambani kubeba mahindi, mpunga au pamba, sura ya mbele ya rejeta hujaa makapi, mabua, nyuzi za pamba na panzi. Ndani unaweza kuweka kulanti ya bei kubwa kuliko zote, lakini upepo haupiti. Safisha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili taka zirudi zilikotoka. Usichokonoe kwa msumari. Nimeona malori mengi yakipona ugonjwa wa kuchemsha kwa kazi hii peke yake, bila spana hata moja.

Tuje kwenye kujaza. Kulanti inauzwa namna mbili. Iko iliyokwisha kuchanganywa na maji, unamimina tu. Na iko kali, ya kuchanganya mwenyewe, kwa kawaida nusu kwa nusu. Soma dumu. Iliyochanganywa tayari ukiiongezea maji unaiua nguvu. Na ile kali usiimimine peke yake ukidhani unatia nguvu zaidi, kwa kuwa glaikoli tupu hubeba joto kidogo kuliko maji.

Maji ya kuchanganyia yawe laini. Njia ya kuyajua ni ile ya mama zetu: sabuni isiyotoa povu, maji ni magumu. Mazuri ni yale yaliyosafishwa kwa kuvukizwa, ambayo watu huyaita maji ya betri. Lakini angalia sana! Dukani kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa chupa isiyo yake. Asidi itakula injini, itakuunguza na wewe. Ukikosa maji hayo, kinga maji ya mvua kwenye bati safi baada ya mvua za kwanza kuliosha vumbi, yachuje kwa kitambaa. Maji ya kisima chenye chumvi yaache.

Jambo la rangi huwadanganya wengi. Iko kulanti ya kijani, nyekundu, buluu, njano. Rangi ni chaguo la mtengenezaji tu. Hakuna sheria kwamba nyekundu zote ni za aina moja. Aina tofauti zikichanganywa dawa zake huweza kuvunjana nguvu, au hata kuganda kama uji. Tumia aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na kwenye dumu hakikisha imeandikwa kuwa yafaa kwa injini za dizeli. Kama hujui iliyomo, ndiyo sababu nyingine ya kusafisha mpaka maji yawe meupe.

Mimina polepole. Ukimimina kwa pupa, hewa inabaki ndani, na hewa ikikaa kwenye hedi hapo pahali huungua. Huku unamimina, mwenzako aukamue mpira wa juu kama anayekamua ng'ombe. Utaona vipovu vinapanda. Baadhi ya injini zina skurubu ya kutolea hewa juu ya nyumba ya themostati. Ilegeze mpaka yatoke maji bila vipovu, kisha ikaze. Rejeta ikijaa, washa injini mfuniko ukiwa wazi. Kaa mbali na feni. Ole wake mwenye shuka, kanga au mikono mirefu ya shati karibu na mkanda unaozunguka! Themostati ikifunguka utaona maji yanashuka ghafla, ongeza. Yakitulia, funga mfuniko, jaza chupa ya akiba mpaka kwenye alama. Lakini vipovu visipokwisha, vikiendelea kuja kama sufuria ya maharage hata baada ya robo saa, huenda moshi wa silinda unapenya kwenye maji. Hiyo ni gasketi, na ni kazi ya fundi.

Sasa ile hesabu uliyoandika. Kama ulimwaga lita 14 na yameingia 11 tu, lita tatu ni hewa. Usiondoke na gari hilo. Kwa kuwa ulisafisha kwa maji matupu, kumbuka pia kuwa maji kidogo yaliweza kubaki ndani. Lakini hayo hupunguza lita moja au mbili, hayafiki nusu ya injini. Zungusha gari hapo hapo kijijini, litulize, lipoe, na asubuhi ya pili tazama tena kabla ya kupakia gunia hata moja. Karibu kila mara utaongeza kidogo.

Ndugu zangu, limebaki lile la watoto na mifugo, nami ninalisema kwa uzito. Ethilini glaikoli ni sumu, na ubaya wake ni kwamba ni tamu. Mbwa huilamba, ndama huinywa, mtoto akiikuta kwenye chupa ya soda ataidhani sharubati. Kwa mtu mzima kiasi cha nusu kikombe cha chai kinaweza kuua. Kwa mtoto, mafunda machache. Mwanzoni aliyekunywa huonekana kama mlevi, anapepesuka na kutapika. Halafu huenda akaonekana amepata nafuu, watu wakasema imepita. Haijapita. Sumu inageuka mwilini, na baada ya siku moja au mbili au tatu figo zinakufa. Hospitali zina dawa yake, nayo hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema, ndani ya saa za mwanzo. Kwa hiyo usingoje dalili, wala usimnyweshe maziwa mkakaa kumtazama. Mchukue mtoto upesi, na dumu la kulanti mwende nalo ili daktari alione. Mnyama akinywa, mwite bwana mifugo saa ile ile.

Maji yote uliyomwaga, hata yale ya kusafishia ya mara ya kwanza na ya pili, yatie kwenye madumu, yafunge, andika SUMU kwa rangi, yaweke juu palipofungwa. Yaliyomwagika chini yafunike kwa mchanga au majivu, kisha uufukie mchanga huo mbali na maji. Usiyamwage mtoni, wala shimoni karibu na kisima, wala shambani kwa kudhani ni dawa ya mchwa. Uliza karakana kubwa iliyo karibu, au wanaokusanya oili chafu, kama wanapokea, uyapeleke siku lori linapokwenda mjini. Na dumu lililokuwa na kulanti halirudi kuwa la maji wala la mafuta ya kula, hata likioshwa mara kumi.

Kuna swali ambalo huulizwa kila nikizungumza mambo haya: je, nikiwa njiani mlimani na gari limechemsha, sina kulanti, nifanye nini? Simamisha gari, lakini kama mkanda haujakatika na maji hayajaisha, acha injini ingurume kidogo bila mzigo ili feni iipoze taratibu. Kama maji yameisha au mkanda umekatika, zima mara moja. Ngoja lipoe, nusu saa haitoshi, kisha ongeza maji safi kidogo kidogo. Maji ya baridi kwenye injini kavu yenye moto huipasua hedi. Maji matupu ya kukufikisha nyumbani si dhambi. Kosa ni kuyaacha humo mwaka mzima.

Kuhusu muda, kulanti za kawaida nyingi hubadilishwa kila baada ya miaka 2. Ziko za muda mrefu zinazofika miaka 5. Dumu na kitabu cha gari ndivyo vya kufuatwa. Rangi ikiwa bado nzuri si hoja, kwa kuwa dawa za kuzuia kutu huisha huku rangi ikiendelea kung'aa. Andika tarehe na kilomita kwenye daftari la lori, au kwa rangi kwenye bati chini ya boneti, pamoja na aina ya kulanti uliyotia. Lori la kikundi hubadilisha madereva, na dereva mpya asiyejua kilichomo ndiye atakayechanganya.

Yule mzee wa birika alirudi baada ya mavuno, akitaka kujua kama pawatila na injini ya pampu ya kumwagilia nazo zifanyiwe hivyo. Zile zenye rejeta, ndiyo, taratibu ni hizo hizo na kazi ni ndogo zaidi. Zinazopozwa kwa upepo hazina maji, hizo unasafisha makapi tu kwenye vibati vyake.

Juma lijalo, panapo majaliwa, mwenzangu wa mifugo atazungumza juu ya kupe na josho. Kwaherini.